Walinzi wa Mizizi: Historia Fupi ya Bakteria Wanaoshindana na Ukungu

Kitabu hiki cha ukumbusho kimejaa hesabu za miaka 10 ya Chama Kikuu chetu: maghala yaliyojengwa, magunia yaliyopimwa, mikopo iliyolipwa. Twazisoma hesabu hizo kwa furaha, kwa kuwa ni jasho letu. Lakini imetupasa kutenga kurasa chache kwa jambo lisiloonekana katika daftari la karani wala katika mizani, ingawa kila gunia lililopimwa lilianzia hapo. Nalo ni udongo, na hasa wale viumbe wadogo mno waitwao bakteria, wanaokaa kwenye mizizi ya mimea yetu.

Tunayo sababu ya kuandika habari hizi sasa. Wengi wanaukumbuka msimu ule ambapo baadhi yetu tulinunua dukani pakiti za unga wa bakteria wa kupaka mbegu za ngano na maharagwe, kwa ahadi kwamba maradhi ya mizizi yangekwisha. Wachache walisema mashamba yao yalinawiri. Wengi walisema wamenunua vumbi. Mjadala uliofuata mkutanoni ulikuwa mkali, na kila upande uliuona wa pili kuwa ni wa waongo. Ombi la kununua unga huo kwa fedha za Chama lingali linangoja uamuzi wa wanachama. Sisi tunaoandika kurasa hizi tulikuwa katika pande zote mbili za mjadala ule. Tangu siku hiyo tumesoma na kuulizana, nasi tumeona kwamba pande zote mbili zaweza kuwa zilisema kweli. Historia ya jambo lenyewe ndiyo inayoonyesha kwa nini.

UGONJWA WA "CHUKUA VYOTE"

Hatuna budi kuanzia mbali, kwa wakulima wa ngano wa Australia Kusini katika karne ya 19. Hao walipatwa na ugonjwa ulioua ngano changa kwa mabaka mabaka shambani, wakaupa jina lenye maana ya "chukua vyote", kwa kuwa haukubakiza kitu. Ugonjwa huo sasa wajulikana katika nchi nyingi zinazolima ngano. Chanzo chake ni ukungu, yaani kuvu, ambao wataalamu huuita Gaeumannomyces. Huo haupepei hewani na kutua majani kama kutu ya ngano. Hujificha katika mabaki ya mizizi na mashina ya mavuno yaliyopita, ukingoja mbegu mpya. Mzizi mchanga ukipita karibu, ukungu huuvamia, huufanya mweusi, na kuiziba njia ya maji. Mkulima aghalabu hana habari mpaka ngano ichanue. Hapo huona masuke meupe kabla ya wakati wake, yamesimama wima kama yenye kiburi, kumbe hayana punje, au zilizomo zimesinyaa. Akivuta shina, hulitoa kwa urahisi, maana mizizi imekwisha oza.

Kwa muda mrefu hapakuwa na dawa ya dukani iliyoutosha ugonjwa huu, na hata leo hakuna aina ya ngano inayouhimili kikamilifu. Silaha ya mkulima ilikuwa moja: kubadilisha mazao. Ukungu huu hauwezi kuishi muda mrefu pasipo mabaki ya ngano, shayiri, au nyasi za jamii yao. Msimu mmoja wa maharagwe au viazi, na magugu ya nyasi yakipaliliwa, huupunguza mno. Mafundisho hayo yalikuwa kweli, nayo ni kweli hata sasa. Msomaji asije akayaacha kwa sababu ya haya tutakayosimulia.

JAMBO LILILOWASHANGAZA WATAALAMU

Huko Uingereza, mahali paitwapo Rothamsted, kuna shamba liitwalo Broadbalk. Lilianzishwa na John Bennet Lawes pamoja na Joseph Henry Gilbert, na tangu mwaka 1843 ngano imekuwa ikipandwa humo. Ziko sehemu za shamba hilo ambazo zimepandwa ngano juu ya ngano kwa miaka mingi mfululizo. Kwa kufuata mafundisho tuliyoyataja, sehemu hizo zingalikuwa makaburi ya ngano. Lakini wachunguzi walipoyalinganisha mashamba, waliona kinyume. Ngano iliyofuata ngano kwa mara ya 2, ya 3, au ya 4 ndiyo iliyoumia sana. Ile iliyopandwa mfululizo kwa miaka mingi iliugua kidogo kuliko hiyo.

Jambo hilo likaonekana katika nchi nyingine pia. Mwaka wa kwanza ngano ni nzima. Miaka inayofuata ugonjwa huzidi, mpaka mkulima karibu akate tamaa. Kisha, pasipo dawa wala mbegu mpya, ugonjwa huanza kupungua wenyewe, na mavuno hupanda tena, ijapokuwa si lazima yafikie yale ya mwaka wa kwanza. Hapakuwa na mtu aliyebadili kitu shambani, isipokuwa udongo wenyewe kuwa umebadilika.

Mtaalamu mmoja wa Uholanzi, Gerlagh, alilichunguza jambo hili katika ardhi mpya, na matokeo ya uchunguzi wake yakatangazwa mwaka 1968. Waholanzi, kama ijulikanavyo, hujenga kingo, hukausha maji, na kulima palipokuwa chini ya maji. Ardhi ya namna hiyo haikuwa imepata kuona ngano. Haikuwa na ugonjwa, wala haikuwa na kinga yoyote dhidi yake. Ukungu ulipotiwa humo na ngano ikapandwa mwaka baada ya mwaka, mambo yalikwenda kwa utaratibu ule ule: ugonjwa kwanza ulipanda, kisha ukashuka. Basi kinga haikuwa asili ya ardhi. Ilizaliwa humo humo, baada ya ngano na ugonjwa kukaa pamoja.

KUMTAFUTA MLINZI

Fikra kwamba mizizi ina majirani walio hai haikuwa ngeni. Mwaka 1904 Mjerumani Lorenz Hiltner alikwisha kueleza kwamba udongo unaogusana na mizizi si sawa na udongo mwingine. Mzizi hutoa majimaji yenye sukari na vyakula vingine, na bakteria hukusanyika hapo kama watu wanavyokusanyika penye kisima. Mwaka 1931, huko Kanada, Sanford na Broadfoot waliwajaribu viumbe wengi wa udongoni mbele ya ukungu huu wa ngano, wakaona kwamba baadhi yao hupunguza nguvu zake. Lakini kuona jambo katika chungu cha majaribio ni kitu kimoja, na kumjua anayelinda shamba zima ni kitu kingine.

Hatua kubwa ilipigwa katika jimbo la Washington, magharibi ya Marekani, ambako ngano hulimwa kwa wingi. Mwaka 1973 Shipton, Cook, na Sitton walitangaza majaribio yaliyo mepesi kueleweka hata na mtu asiyepata kuingia maabara. Walichukua udongo wa shamba lililolimwa ngano kwa miaka mingi, ambamo ugonjwa ulikuwa umefifia. Wakauchanganya kwa kiasi kidogo na udongo mwingine usio na kinga, wakatia ukungu, wakapanda ngano. Kinga ikahamia katika udongo ule wa pili, kama hamira inavyoumua unga mwingi. Kisha ikaonekana kwamba udongo wenye kinga ukipashwa moto wenye unyevu wa nyuzi 60 za Selsiasi kwa nusu saa, kinga yote hupotea. Basi wakajua kwamba kinachofanya kazi si chumvi wala madini, kwa sababu moto mdogo kama huo hauviharibu vitu hivyo. Ni kitu chenye uhai, tena chenye uwezo wa kuzaana.

Mwaka 1976 Cook, akiandika pamoja na Rovira wa Australia, alieleza kwamba bakteria wa jamii ya Pseudomonas ndio wanaostahili kushukiwa kwa wema huo. Wako miongoni mwao wanaotoa rangi ya manjano yenye ukijani, inayong'aa ikimulikwa kwa taa maalumu. Mwaka 1983 Weller na Cook wakaonyesha kwamba bakteria waliotolewa kwenye mizizi ya ngano, wakioteshwa na kupakwa kwenye mbegu, waweza kuupunguza ugonjwa. Palibaki kujua silaha yao. Mwaka 1988 Linda Thomashow na Weller walitoa ushahidi. Bakteria mmoja aliyekuwa akitumiwa hutengeneza dawa iitwayo fenazini, ambayo huzuia ukungu kukua. Wataalamu walimharibu uwezo huo wa kutengeneza fenazini, naye akashindwa kuilinda ngano kama zamani. Walipomrudishia uwezo huo, akalinda tena. Hivyo shahidi alihojiwa mara mbili, na mara zote mbili akajibu sawa.

Katika mashamba yale ambayo ugonjwa ulififia wenyewe, ilikuja kugunduliwa kwamba silaha kubwa ni dawa nyingine, ambayo wakemia huiita kwa kifupi DAPG. Raaijmakers, Weller, na Thomashow waliwahesabu bakteria wanaoitengeneza, na taarifa zao zilitoka mwaka 1997 na 1998. Penye kinga, bakteria hao walifika kiasi cha 100,000 na zaidi katika kila gramu moja ya mizizi. Pasipo kinga walikuwa wachache mno. Chini ya kiasi hicho ngano haikulindwa. Wahenga walikwisha kusema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

Hapa ndipo fumbo la Broadbalk linapofumbuka. Mzizi ulioumwa huvuja chakula kuliko mzizi mzima, na bakteria hawa hula na kuzaana penye vidonda hivyo. Ugonjwa wenyewe ndio unaowalisha walinzi, mpaka wanapokuwa wengi kiasi cha kuuzuia. Ndiyo maana kinga huchukua miaka, nayo hupungua mkulima akiacha kupanda ngano.

NAMNA WANAVYOPIGANA

Isidhaniwe kwamba bakteria wote hupigana kwa njia moja. Wa kwanza hutengeneza dawa, kama tulivyoeleza. Wa pili hunyang'anya chakula: mwaka 1980 Kloepper, Schroth, na wenzao huko California walionyesha kwamba baadhi ya bakteria wa mizizi hutoa kitu kinachokamata madini ya chuma udongoni, hata ukungu ukakosa chuma ukadhoofika. Wa tatu huuamsha mmea wenyewe. Mwaka 1991 ilitangazwa, kutokana na majaribio ya maua huko Uholanzi na ya matango huko Marekani, kwamba bakteria wakitiwa kwenye mizizi, mmea waweza kujikinga hata katika sehemu ambazo bakteria hao hawakufika. Ni kama mlinzi wa langoni apigaye kelele, na nyumba nzima ikaamka.

Wala jambo hili si la ngano pekee. Huko Morens, nchini Uswisi, yalikuwapo mashamba ya tumbaku yaliyo jirani, ambapo mengine yaliangamizwa na ukungu wa kuozesha mizizi na mengine yakasalimika. Stutz, Défago, na Kern waliandika mwaka 1986 juu ya bakteria wa jamii ya Pseudomonas waliokuwa katika udongo ule wenye kinga, na mmoja wao, aliyepewa alama CHA0, akawa mashuhuri katika maabara za nchi nyingi. Huyo naye hutengeneza DAPG. Hivyo udongo wa Marekani na udongo wa Uswisi, uliokuwa na mimea mbalimbali na maradhi mbalimbali, ulitoa ushahidi unaofanana.

KWA NINI PANDE ZOTE MBILI ZILISEMA KWELI

Baada ya mafanikio ya maabara, wataalamu walikwenda mashambani kwa matumaini, na huko wakakutana na yale yale yaliyotukuta sisi. Bakteria waliopakwa kwenye mbegu waliinua mavuno katika shamba moja, wakashindwa katika la pili. Sababu zake zafaa kujulikana na kila mwanachama.

Kwanza, kama shamba halina ugonjwa, mlinzi hana la kufanya, na mkulima hataona tofauti. Pili, kama kuna ugonjwa mwingine mbali na ule ambao bakteria huyo aujua, atashindwa, maana askari wa mtoni hafai kwa vita vya mlimani. Tatu, bakteria mgeni hukuta udongo umejaa wenyeji, na kama hawezi kushindana nao kwa chakula penye mizizi, idadi yake hushuka chini ya kile kiasi tulichokitaja. Nne, unyevu, joto, na uchachu wa udongo humsaidia au kumwangusha.

Ya tano ndiyo iliyotuumiza sisi. Bakteria ni kiumbe hai, naye hufa. Wale wa jamii ya Pseudomonas hawana ganda la kuwahifadhi, kwa hiyo ukavu na joto huwaua upesi. Wale wa jamii ya Bacillus hujifunga katika vijibegu vigumu vinavyostahimili, na kwa sababu hiyo ni rahisi zaidi kuwaweka dukani. Pakiti ambazo baadhi yetu tulinunua zilikuwa zimekaa kwenye rafu, jua la alasiri likizipiga kila siku. Hakuna aliyeuliza zilifika lini. Wengine wetu tukazichanganya na dawa ya mbegu iliyotengenezwa kwa ajili ya kuua vijidudu, tukashangaa kwamba vijidudu vimekufa. Yamkini mwenzetu aliyenawiri alipata pakiti iliyofika juzi, akaipaka jioni kivulini, akapanda asubuhi yake. Hatukuwa na njia ya kujua, kwa kuwa hakuna hata mmoja aliyeacha mstari usiopakwa ili kulinganisha. Tulibishana kwa nguvu juu ya jambo ambalo hatukulipima.

Yafaa pia tuseme wazi kwamba kutu ya ngano, ambayo aina yake kali ilipatikana Uganda mwaka 1998 na kuitwa Ug99, ni ukungu wa mashina na majani. Mtu akija na chupa ya bakteria wa mizizi akasema kuwa ndiyo dawa ya kutu, asinunuliwe. Kwa kutu tuzidi kutegemea mbegu zinazostahimili, na ushauri wa Bwana Shamba.

YANAYOTUPASA

Hatuandiki ili kuwaambia wanachama wapige kura upande gani. Twaandika ili atakayenyoosha mkono ajue anaamua nini. Lakini yako mambo manne ambayo, kwa maoni yetu, yafaa kutangulia senti yoyote ya Chama.

La kwanza, kila chama cha msingi kitenge kipande cha shamba la majaribio, mistari iliyopakwa na isiyopakwa ikipakana, kwa misimu isiyopungua miwili, na mizizi ing'olewe na kutazamwa, si majani tu. La pili, kisinunuliwe kitu ambacho hakikusajiliwa na mamlaka ya serikali inayohusika, wala kisichoandikwa jina la bakteria, tarehe ya kutengenezwa, na tarehe ya mwisho wa kutumika. La tatu, ghala letu liwe na mahali pa baridi na kivuli kabla ya mzigo kufika, si baada yake. La nne, kubadilisha mazao kusiachwe. Kinga ya udongo wa Broadbalk na wa Washington ilipatikana baada ya misimu ya hasara, na mkulima mwenye ekari mbili na watoto wa kulisha hana misimu ya kupoteza ili kuwangoja walinzi wazaliane. Kwake maharagwe baada ya ngano ni kinga ya haraka na ya bei nafuu.

Zaidi ya hayo, tuutunze udongo tulio nao. Bakteria wema hawapatikani katika pakiti pekee. Wengi wao wamo mashambani mwetu tayari, bila jina na bila bei. Samadi iliyooza vizuri na mimea mbalimbali huwapa chakula. Dawa zikimwagwa ovyo huwaua pamoja na adui.

Ndugu wanachama, Chama hiki kilipoanza, miaka 10 iliyopita, tulikuwa wachache, na wako waliosema kwamba fedha zetu zingepotea bure. Miaka ya mwanzo iliwapa sababu ya kusema hivyo. Wale waliobaki walibaki kwa sababu hesabu zilisomwa mbele yao kila mwaka, zenye faida na zenye hasara, bila kufichwa. Na tuyafanye majaribio haya ya mbegu kwa desturi hiyo hiyo. Mistari ipandwe, mizizi itazamwe, hesabu zisomwe mkutanoni. Ikionekana bakteria hawa wanatufaa, tutawanunua tukijua tunachonunua. Ikionekana hawatufai katika udongo wetu, tutakuwa tumepoteza mistari michache ya ngano badala ya akiba ya wanachama.